Barua Niliyoishonea Ndani ya Kochi

Jumanne, tarehe 17 Septemba. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, yale ambayo hayamlowanishi mtu lakini hayamwachi mkavu. Jua lilichungulia saa mbili kasoro, likaona ni siku ya kesi yangu, likajifunika tena.

Wiki iliyopita, katika safu hii ya gazeti, niliwaeleza jinsi tarishi wa mahakama alivyoingia karakanani kwangu, mimi nikiwa na pini tatu mdomoni, akanikabidhi hati ya wito. Niliwaeleza pia kwamba niliisoma mwenyewe, neno la kwanza hadi la mwisho, kwa dakika arobaini, tarishi akiwa amekaa juu ya robota la sponji akipiga miayo.

Hati ilisema hivi. Mwanamke niliyeishi naye karibu miaka minane iliyopita, ambaye hapa namwita Mshonaji kwa sababu ndiye aliyekuwa akinishonea vitambaa vya makochi, anadai kwamba mimi ni baba wa binti yake wa miaka saba. Anataka mahakama itamke hivyo, na anataka matunzo ya mtoto.

Nilijibu kwa neno moja. Nakana.

Neno hilo niliandika kwa mkono wangu. Nimejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minne, kwenye darasa la jioni, nimekaa kwenye dawati linalonibana magoti. Hati ile ya majibu ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali niliyoijaza bila kumwomba mtu. Mwalimu aliipitia kabla sijaipeleka. Alinirekebishia pale nilipochanganya herufi, akasema, "Fundi, mimi nimesahihisha maandishi tu. Ukweli ni juu yako."

Nilimwona kama amenikosea heshima. Maana chini ya lile neno nilikuwa nimeongeza sababu: Mdai mwenyewe aliniandikia kwamba mimba si yangu. Barua ninayo.

Na kweli nilikuwa nayo. Ila ilikuwa ndani ya kochi.

Mwaka ule nilikuwa namshuku Mshonaji na dereva aliyekuwa akituletea sponji. Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linaloingia nyumba za watu. Akafunga nguo zake akaondoka. Hata kile kiti chake kidogo cha kushonea alikiacha.

Siku tisa baadaye ikaja barua. Wakati huo sikujua a wala be. Nikamwita karakanani kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Katibu kwa sababu ndiye anayewasomea watu barua zao. Kawaida yake huichukua barua, huitia mfukoni na kusema, "Nitaisoma kwa utulivu nyumbani." Kesho yake anakuletea habari zote, mpaka salamu za mwisho.

Siku ile nilikataa kusubiri kesho. Nilimshika mkono. "Kaka, soma sasa hivi, hapa tuliposimama. Usiponisomea usiniite tena mdogo wako."

Aliishika barua muda mrefu. Kisha akasema, "Anasema, mimba hii ni ya dereva, si yako."

Sikuuliza kitu kingine. Mezani kulikuwa na kochi la mtu mmoja ambalo nilikuwa najitengenezea mwenyewe. Niliisukuma barua kati ya gunia na sponji, nikavuta kitambaa, nikapiga pini pande zote nne. Tangu siku hiyo kochi hilo limekuwa la wageni. Katibu akija karakana, halikaliwi na mwingine.

Basi Jumanne hiyo nilipiga magoti saa kumi na moja alfajiri, kama siku zote. Niliomba jambo moja tu. "Bwana, leo usiniache niaibike mbele ya adui zangu." Nikaona ni sala nzuri. Nikaenda karakana na koleo la kung'olea pini.

Mke wangu alinikuta nimeling'oa kochi pini za upande mmoja, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko.

"Umelipata?"

"Si 'umelipata', ni barua. Ninaigusa."

"Nakuuliza tumbo la hilo kochi. Mteja akikuona hivyo atadhani unalizalisha."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka kwa wakati mmoja. Neno hilo la kuzaa nyumbani kwetu halitamkwi ovyo.

Niwaeleze hilo pia, kwa sababu nimeahidi kueleza yote. Tumeoana miaka mitano, hatuna mtoto. Dada zangu wakija hawamsalimii mke wangu kwa afya yake. Humsalimia kwa kutazama tumbo lake. "Wifi, mlango bado umefungwa?" Katibu amekwisha kuniita pembeni mara tatu, ananiambia mwanamume hajengi nyumba ikakosa mtu wa kuikalia. Na mke wangu, anayefanya kazi ya kupokea wagonjwa zahanati na kuandika majina yao siku nzima, ameniomba mara mbili twende tukapimwe wote wawili. Mara mbili nimemjibu kwamba mimi sina tatizo.

Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Nilisema kwa kuwa mimi ni mwanamume na nilikuwa nimesimama.

Kwa hiyo mnaona kesi ile ilikuwa na nini ndani yake. Mahakama ikisema mtoto wa Mshonaji ni wangu, basi mimi nazaa, na ukoo utasema wazi sasa kwamba mwenye kasoro ni mke wangu. Dada zangu wangemfungia mizigo wenyewe. Mimi sikuwa tayari. Niliapa moyoni kwamba hakuna karatasi, hakuna hakimu, hakuna dada wala kaka atakayemtoa mke wangu nyumbani kwangu. Na silaha yangu ilikuwa ile barua.

Niliivuta. Ilikuwa imebanwa ikawa kama kipande cha ubao, ina harufu ya gundi. Niliifungua taratibu.

Sikuweza kuisoma.

Darasani tunasoma herufi za kitabu, kila moja imesimama peke yake. Mshonaji aliandika mwandiko wa kuunga. Herufi zilikuwa zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, sikujua yupi anaanzia wapi. Nilitambua "Fundi". Nilitambua "salamu". Saa ilikuwa imekwenda.

Nikamnyooshea mke wangu. "Nisomee wewe. Wewe unasoma miandiko ya madaktari."

Akaweka mikono nyuma. "Barua ya mwanamke mwenzangu kwa mwanamume wake siisomi. Asome aliyeandikiwa."

"Ilikuwa zamani."

"Basi isubiri kidogo tena. Kaka yako si alishakusomea?"

"Alishanisomea."

"Na unaamini?"

"Katibu?" nikasema. "Kama siamini kusoma kwa Katibu, niamini kwa nani?"

Alichukua ile chupa ya chai niliyokuwa nimeiweka juu ya kiti kidogo cha kushonea, akamimina kikombe kimoja, akanipa mimi.

Mimi na mke wangu tulipofika kwenye korido ya mahakama, Katibu alikuwa amekwisha fika. Alivaa koti lake la vikao, na mfuko wa juu una kalamu mbili. Alikuja kuwa shahidi wangu.

"Mdogo wangu, uso mkavu," alinong'ona. "Ukijikunja hapa wanakukalia."

"Sijikunji. Nimekuja na barua."

"Barua ipi?"

"Ile."

Uso wake ulibadilika. "Nilidhani uliichoma."

"Niliishonea ndani ya kochi la wageni."

"Lile ninalokalia?"

"Hilo hilo. Umeikalia miaka minane."

Mkono wake ukaenda nyuma ya suruali, akajipangusa bila yeye mwenyewe kujua. Mke wangu akageuka kutazama dirishani ili asicheke.

"Ya nini kutoa makaratasi?" Katibu akasema. "Karatasi zinaleta maneno. Mimi si nipo? Nitasema kwa mdomo, yatosha."

"Mahakama inataka maandishi, kaka. Hata wewe ndivyo ulivyokuwa ukituambia."

Hapo Mshonaji akatokea. Amekonda kidogo, vidole bado vina alama za sindano. Alinitazama kuanzia viatu.

"Fundi. Umeota kitambi."

"Na wewe umeota kesi."

"Kesi haikui bila mtu wa kuimwagilia." Akamgeukia mke wangu. "Habari yako, dada."

"Nzuri. Za safari?"

"Salama. Sikuja kukuchukulia mtu."

"Najua," mke wangu akasema. "Umekuja kuchukua jibu. Hata mimi nimefuata hilo hilo."

Sikupenda walivyoelewana haraka namna ile.

Tuliitwa. Mashauri ya familia husikilizwa kwenye chumba kidogo: meza moja, feni isiyozunguka, kabati la majalada lenye kufuli, mabenchi mawili. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Kila akimaliza sentensi alijipangusa pua kwa leso. Pembeni yake alikaa karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni.

"Mdai," hakimu akasema, "mtoto ana miaka saba. Ulikuwa wapi siku zote?"

"Mheshimiwa, nilimwandikia barua. Nikamsubiri. Hakuja, nikajua amenikataa. Nikanyamaza, nikashona, nikalea." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mwaka huu mtoto ameanza shule. Kila fomu ina mstari wa baba. Mimi nachora kistari. Juzi ameniuliza kama baba yake anaitwa Kistari."

Karani alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mimi nilisimama. "Mheshimiwa, barua anayoitaja ninayo hapa. Ameitaja yeye mwenyewe, na mimi nashukuru ameitaja. Humo ndimo alimoandika kwamba mimba si yangu."

"Mimi?" Mshonaji akasema.

"Wewe."

"Fundi, unaumwa?"

"Mnaongea na mimi," hakimu akasema, "si ninyi kwa ninyi. Karani, pokea hiyo barua uisome."

Karani akanyoosha mkono. Na mimi nikaurudisha wa kwangu kifuani.

Sijui nilipata wapi ule ujeuri. Nafikiri ni miaka yote ile. Nimesomewa wosia wa baba yangu. Nimesomewa karatasi za kununua karakana. Siku ya ndoa yangu nilisomewa kiapo changu, kipande kwa kipande, kama mtoto anayelishwa.

"Mheshimiwa, naomba niisome mwenyewe."

"Hati yako ya majibu ina mwandiko wa darasa la jioni."

"Ndiyo. Na mwalimu hayupo hapa, kwa hiyo nitachelewa kidogo. Lakini barua ni yangu."

Alinitazama juu ya leso. "Soma."

Katibu, aliyekuwa benchi la nyuma na mke wangu, akakohoa mara mbili. Sikugeuka.

Niliitandaza barua mezani, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nikaomba kimoyomoyo, nikaanza. Kila herufi nilikuwa naiachanisha na mwenzake kama ninayefumua mshono bila kuchana kitambaa.

"Fundi. Salamu. Sikuondoka kwa... kwa sababu sikupendi. Niliondoka kwa maneno uliyoniambia. Dereva alikuwa... akinibebea mizigo tu. Nina... mimba ya miezi mitatu."

Nikavuta pumzi. Sasa nilijua nilipofika. Sehemu hii nilikuwa naijua kwa moyo. Mimba hii ni ya dereva, si yako. Nilifungua mdomo kuitamka hata kabla ya kidole kufika.

"Mimba... hii..."

Neno lililofuata lilikuwa na herufi mbili tu.

Mwalimu wetu huandika ubaoni maneno mawili, "ni" na "si", na kutufanya tuyasome mpaka tuchoke. Tulikuwa tunanung'unika. Watu wazima na mvi zetu, tunasomeshwa "ni" na "si". Yeye alisema tu, "Haya madogo ndiyo mtakayoyaruka."

Niliitazama herufi ya kwanza. Kwenye mwandiko wa kuunga, n ina vilima. Hii haikuwa na vilima. Ilikuwa na tumbo.

Hapa ndipo ninapokiri, na gazeti lichapishe hivyo hivyo. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka kusoma "ni". Hakimu alikuwa anajipangusa pua. Karani alikuwa ameinamia daftari. Nilimfikiria mke wangu kule nyuma, nikawafikiria dada zangu na vicheko vyao, nikaona kwamba herufi moja tu ingemwokoa. Na ile sala yangu ya alfajiri ikanijia, ya kutoaibika, nikatambua kwamba nilikuwa nimeomba ushindi, na ukweli sikuuomba kabisa.

Nikasoma kilichoandikwa.

"Mimba hii si ya dereva. Ni yako."

Mshonaji alikuwa anatazama vidole vyake. Nikaona nikiacha hapo nitakuwa nimekimbia, nikaendelea.

"Niko kwa shangazi yangu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Ukija... njoo na kile kiti kidogo cha kushonea. Mgongo unaniuma."

Kiti hicho asubuhi ile nilikuwa nimekiwekea chupa ya chai.

Hakimu alinyoosha mkono, safari hii nikampa barua. Aliisoma mwenyewe, akaigeuza, akaisoma tena. "Mdaiwa, umeandika kwenye majibu yako kinyume cha kilichomo humu. Ulitaka kuidanganya mahakama?"

"Hapana, mheshimiwa. Wakati ule nilikuwa sisomi. Nilisomewa."

"Na nani?"

Kabla sijamtaja, benchi la nyuma likalia, mtu akainuka.

"Ni mimi, mheshimiwa," Katibu akasema. "Mimi ni kaka yake."

"Sogea. Utaapishwa kwanza."

Karani akampa kadi ngumu yenye maneno ya kiapo. "Soma kwa sauti, mzee, halafu useme jina lako."

Katibu aliipokea. Aliitazama. Akapapasa mfuko wa juu wenye kalamu mbili, akapapasa wa kulia, akapapasa wa kushoto.

"Samahani, mama. Nimesahau miwani."

"Chukua yangu."

"Ahsante, lakini macho yangu ni ya namba nyingine."

Nikamgeukia kumtazama vizuri.

Wasomaji, maneno hayo nayajua kuliko ninavyojua jina langu. Nimesahau miwani. Niliyasema posta, niliyasema benki, niliyasema kanisani nilipopewa kitabu cha nyimbo. Hata lile la namba nyingine nimelitumia. Ni maneno yetu sisi tusiojua kusoma. Mtu anayesoma akisahau miwani hukasirika, husogeza karatasi mbali, hukunja macho, hujaribu. Sisi hatujaribu. Sisi hupapasa mifuko.

Kaka yangu ana miaka hamsini na mitatu. Hajavaa miwani hata siku moja.

Yote yakafunguka kwa mkupuo. Nitaisoma kwa utulivu nyumbani. Nyumbani kuna mkewe, aliyemaliza shule, ambaye sijawahi kumsikia akisema chochote kuhusu barua za watu. Yeye ndiye Katibu wa kweli. Ni yeye siku zote. Na barua moja tu, katika barua zote za mtaa ule, haikufika nyumbani kwake, kwa sababu mimi nilimshika kaka yangu mkono nikamwambia soma sasa hivi. Akafanya nini? Akasema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kisema mtaa mzima. Alinisomea uso wangu.

Karani akamtamkia kiapo, yeye akafuatisha. Alifuatisha vizuri. Ana kumbukumbu kali, kaka yangu, na sasa nilijua kwa nini.

"Barua hii ulimsomea mdogo wako?" hakimu akauliza.

"Nilimsomea."

"Ulimsomea kilichoandikwa?"

Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. "Mheshimiwa, ilikuwa haraka haraka. Nilisoma... vibaya."

"Penye 'si' unasoma 'ni', penye 'ni' unasoma 'si'? Mtu anasoma vibaya hivyo kwa bahati mbaya? Au ulitaka huyu mama asirudi?"

Mshonaji alimgeukia. "Shemeji, nilikukosea nini?"

Katibu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, "Mheshimiwa, kaka yangu hajui kusoma," na mimi ningetoka pale nikiwa mtu aliyedanganywa, msafi kama sahani. Na yeye asingeweza tena kupita mtaani na kalamu zake mbili.

Nilisimama.

"Asijibu, mheshimiwa."

"Wewe ni wakili wake?"

"Mimi ni mdogo wake. Nilimlazimisha. Nilimkamata mkono, nikamtisha, nilikuwa tayari nina jibu langu na nilitaka mtu wa kunitamkia. Kosa liandikwe kwangu."

"Kaa chini, mdaiwa."

"Nitakaa nikimaliza."

Karani aliacha kuandika. Hakimu aliweka leso mezani. Nilidhani ananifunga, na kwa kweli sikujali.

"Neno 'Nakana' nililiandika mwenyewe," nikasema. "Naomba karatasi yangu nilifute mwenyewe."

"Kwenye jalada hatufuti," karani akasema kwa upole. "Unaongeza chini yake."

"Basi nipe niongeze."

Wakanipa. Niliandika mbele yao, kwa herufi za kitabu, kila moja imesimama peke yake: Nakubali kupimwa mimi na mtoto. Hakimu akasema kipimo cha vinasaba kitafanyika ndani ya siku kumi na nne, na shauri litarudi jibu likifika. Nikamgeukia Mshonaji.

"Fomu ya shule, kistari kile usikichore tena."

"Subiri kipimo, Fundi. Usinipe maneno ya hasira. Nilishapewa."

"Haya si ya hasira. Kama ni wangu, nina miaka saba ya kumwomba msamaha, na sitamwomba kwa mdomo mtupu."

"Kiti changu bado unacho?"

"Ninacho."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kisha akatazama pembeni. Nilijiona nimemaliza. Nilikuwa nakaa.

"Na mimi je?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Mke wangu alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia.

"Wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Mke wake."

"Mama, wewe huna shauri hapa."

"Najua, mheshimiwa. Nimeuliza tu." Alikuwa ananitazama mimi. "Huyu dada amepata siku kumi na nne. Mtoto amepata mstari wake kwenye fomu. Kaka yako umemfichia aibu yake, nimekuona. Mimi natoka hapa kwenda kwa mawifi zangu na nini?"

Nikajua kwamba naye amemwona Katibu akipapasa mifuko. Anapokea wagonjwa siku nzima, huyo. Anawajua wanaosahau miwani.

"Shemeji," Katibu akasema haraka, "mambo ya ndani tutayaongea nyumbani. Ukoo utakaa."

"Ukoo umekaa miaka mitano, shemeji. Unanikalia mimi."

Hakimu angeweza kutufukuza. Hakutufukuza. Alimwambia karani, "Hili usiandike," akaegemea kiti chake, akanitazama kama anayesubiri.

Nilisimama tena. Nilimtazama kaka yangu kwanza, ili asije akasema hakusikia. Nikamtazama karani, na Mshonaji, na hakimu. Kisha nikamgeukia mke wangu, nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma:

"Mbele ya watu hawa wanne, na Mungu ananisikia. Siku nitakayotolewa damu kwa ajili ya mtoto, siku hiyo hiyo nitapimwa kwa ajili yako, kile kipimo ulichoniomba mara mbili nikakukatalia. Jibu likitoka halitasomwa na Katibu, wala na karani, wala na wewe. Nitaita ukoo wote karakana, dada zangu wakae mbele, na nitalisoma mwenyewe, neno kwa neno, hata kama kasoro iliyoandikwa humo ni yangu."